Submission Grinder ukiwa Nairobi: saiti ya bure ya kusaka majarida yanayolipa hadithi fupi

Niseme mapema ndio mwenye haraka ajue: kama unaandika hadithi fupi kwa Kiingereza na umechoka kuambiwa "andika tu, utajulikana", fungua akaunti Submission Grinder leo. Ni bure, haina ile ya siku chache za kuonja halafu unadaiwa, na kwa mtu anayetuma kazi akiwa Nairobi sijaona kitu kinachoisaidia safari hii kama hii saiti. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza huko mbele, na inauma juu inagusa Kiswahili.

Wengi hapa bado wanasaka soko kwa njia ya mdomo. Mtu anatupa linki kwenye grupu la WhatsApp, unafungua, unakuta dedlaini ilipita mwaka juzi, au jarida lilishakufa, au ni shindano linataka ada ya kuingia na hujui hata ni nani anasoma hizo hadithi. Kazi ya Grinder ni kukutoa huko. Ni orodha kubwa ya majarida na mikusanyiko inayopokea hadithi, na kila moja lina ukurasa wake unaoonyesha linataka nini, linalipa ngapi, liko wazi ama limefungwa, na waandishi wengine waliotuma huko wamejibiwa baada ya siku ngapi.

Ilianza mwaka 2013, na inafaa ujue ilianza vipi. Kabla ya hapo waandishi wengi walikuwa wanatumia Duotrope, saiti nyingine ya kazi hii hii, ambayo ilikuwepo tangu 2005 na ilikuwa bure inaishi kwa michango. Mwanzo wa 2013 Duotrope ikaanza kulipisha, na hapo ndipo David Steffen wa Diabolical Plots, jarida la hadithi la mtandaoni, na wenzake wakaiweka Grinder hewani ndio mwandishi asiye na pesa ya kulipia asiachwe nje. Mpaka sahii inaendeshwa kwa michango ya wanaojisikia kuchangia. Naliheshimu sana hilo, kwa sababu mtu anayeanza kuandika akiwa bedsita huko Kahawa West ama Umoja yuko meza moja na mtu wa Boston, taarifa ni zile zile.

Sasa venye inafanya kazi. Unaingia kwenye utafutaji, unajaza aina ya hadithi, idadi ya maneno, kiwango cha chini cha malipo unachokubali, halafu unaiambia iondoe majarida yaliyofungwa kwa muda. Tuseme una hadithi ya maneno 3,800, ni ya kutisha, imetokea kwenye jengo moja huko Eastleigh. Ukijaza hayo, yale majarida ya mapenzi, ya watoto na yale yanayotaka maneno yasizidi 1,000 yanatoka yote, unabaki na yale ambayo hadithi yako inaweza kuingia. Unaanza na wanaolipa vizuri zaidi unashuka nao polepole. Ushauri wangu usianzie chini kwa woga. Ukianzia kwa anayelipa dola kumi na akaikubali, umeshamuuzia, na yule wa dola mia tatu hutajua kamwe angesema nini.

Kuhusu malipo, saiti inayapanga kwa ngazi, na ngazi ya juu, wanayoiita pro, inaanzia senti 8 za dola kwa neno. Hicho kipimo hakikutoka hewani, kimewekwa na SFWA, chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za sayansi na fantasia, ambacho mwaka 2019 kilikipandisha kutoka senti 6. Chini yake kuna ngazi ya kati, halafu kuna ile ya chini kabisa ambapo unapewa kitu kidogo cha shukrani tu. Piga hesabu na shilingi zetu. Hadithi ya maneno 3,000 kwa senti 8 ni dola 240, na dola ikiwa kwa shilingi 129 hivi unaongelea karibu 31,000. Hiyo ni kodi ya nyumba mitaa mingi ya huku na inabaki ya kununua chakula. Hadithi hiyo hiyo kwa nusu senti ni dola 15, haifiki hata elfu mbili. Kazi ni ile ile, usiku ulizokesha ni zile zile, tofauti ni mlango uliobisha kwanza.

Na kuna wanaopita hapo. Clarkesworld, jarida la hadithi za sayansi na fantasia lililoanza 2006, wanalipa senti 14 kwa neno na wanapokea hadithi za kuanzia maneno 1,000 hadi 22,000. Hawaulizi umesoma wapi, hawaulizi umechapisha wapi, wanasoma hadithi. Ila hao ndio walilazimika kufunga milango Februari 2023 juu watu walikuwa wanawamwagia hadithi zilizotungwa na programu za akili mnemba, mamia kwa mamia ndani ya mwezi mmoja, wengi wakiwa wamesikia mahali kwamba huko kuna pesa za haraka. Walifungua tena baadaye, na sahii wao na majarida mengine mengi wameandika wazi kwenye masharti kwamba hawataki kazi ya mashine hata kidogo. Nawaomba sana wenzangu wa hapa tusijaribu hiyo njia. Ukishafungiwa umefungiwa.

Kitu ninachokipenda zaidi kwa Grinder ni ukurasa wa jarida moja moja. Fungua mmoja uutazame vizuri. Juu kuna jina na hali yake, wazi au limefungwa, halafu aina za hadithi, urefu, malipo, kama wanakubali utume hadithi hiyo hiyo kwa wengine wakati mmoja, kama wanapokea hadithi iliyokwisha kuchapishwa. Chini yake zinakuja takwimu kutoka kwa waandishi wenyewe, wastani wa siku za kungoja, waliokataliwa walikaa siku ngapi, waliokubaliwa walikaa siku ngapi, na grafu inayoonyesha majibu mengi yanaangukia wapi. Hapo unajifunza kusoma ukimya. Kama jarida hukataa nyingi ndani ya wiki moja na yako imepita mwezi, kuna uwezekano imepita kwa msomaji wa kwanza na sasa iko kwa mhariri. Kama kila mtu hungoja siku mia moja na wewe uko ya ishirini, funga simu ukaandike nyingine. Mimi hiyo imeniondolea ule ugonjwa wa kufungua imeili kila nikikaa kwa matatu.

Lakini hizo takwimu zisome kwa akili. Zinatoka kwa wanaojiandikisha na kujaza wenyewe, na binadamu akikubaliwa hukimbia kuandika, akikataliwa ananyamaza. Kwa hivyo ile asilimia ya waliokubaliwa mara nyingi inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Ukiona jarida linaonyesha asilimia mbili, jua hali halisi iko chini ya hapo. Siandiki hivi kukuvunja moyo, naandika ndio ukikataliwa usidhani ni kwa sababu unatoka Kenya ama Kiingereza chako kina ladha ya hapa. Wote wanakataliwa, mpaka waliobobea.

Halafu kuna daftari la kutunza kazi zako. Unaandika jina la hadithi, urefu wake, ulituma wapi na lini, jibu likija unajaza. Inasikika kama kitu kidogo mpaka uwe na hadithi tano sita zinazozunguka, hapo ndipo unashukuru. Majarida mengi yanayolipa vizuri hayataki hadithi iliyo kwa mwingine wakati huo huo, na ukichanganya ukatuma mahali pawili, mhariri akikukubali halafu akute umeshauza, umeharibu jina. Wahariri wa hii kazi sio wengi na wanajuana.

Duotrope je? Ni nzuri, sitaisema vibaya. Ni dola 5 kwa mwezi ama 50 kwa mwaka, yaani kama shilingi 6,450 za huku, na kama unaandika hadithi za kifasihi zaidi, mashairi, insha, vile vitu vya majarida ya vyuo vikuu vya Marekani, nadhani orodha yake inafaa kuliko ya Grinder, ambayo moyo wake uko kwa hadithi za sayansi, fantasia na za kutisha. Ila kwa anayeanza hiyo 6,450 naona iende kwa intaneti na kahawa. Ukianza kuuza ndio ufikirie kulipia.

Sasa mambo ambayo hakuna saiti itakufanyia na ndiyo yanaangusha watu wetu wengi.

La kwanza ni Facebook. Nairobi tuna tabia ya kumwaga hadithi nzima kwa ukuta, sehemu ya kwanza leo, ya pili kesho, watu wanalike wanaomba iendelee, raha tupu. Shida ni kwamba majarida mengi yananunua haki ya kuchapisha mara ya kwanza, na kitu kikishakaa hadharani kwenye intaneti wao wanakihesabu kimechapishwa. Kuna dada mmoja tunaandika naye, mkali kweli, hadithi yake ya mama muuza samaki wa Gikomba ndiyo bora nimesoma kutoka kwa mtu ninayemjua, na haiwezi kwenda kwa wengi wa hao wanaolipa kwa sababu ilishasomwa na watu elfu kadhaa bure. Imebaki kutafutiwa wale wanaopokea zilizokwisha kuchapishwa, na hao hulipa kidogo sana. Kama una kitu unaona ni chako kabisa, kile kilichokutoa jasho, kifiche. Weka Facebook vile vifupi vya kuchangamsha jioni.

La pili ni mkataba. Jarida likikukubali litakutumia mkataba, na hapo usisaini kwa furaha. Soma. Unachotafuta ni wanachukua haki gani, kwa muda gani wewe huruhusiwi kuichapisha kwingine, na baada ya hapo haki zinarudi kwako lini. Mkataba wa kawaida utasema haki ya kwanza kwa Kiingereza, kipindi fulani cha kukaa nayo peke yao, halafu inarudi kwako uiweke kwenye kitabu chako ukitaka. Ukikuta mahali pameandikwa haki zote, milele, pamoja na filamu, halafu malipo ni dola ishirini, andika uulize kwa heshima kama hicho kipengele kinaweza kutolewa. Wengi watatoa. Asiyetoa mwache aende. Na usisahau kuuliza haki ya tafsiri inabaki na nani, juu siku moja utataka hiyo hadithi isomwe na shosho yako kwa lugha yake.

La tatu, ada. Msimamo wangu ni kwamba pesa zitoke kwa jarida kuja kwa mwandishi. Najua kuna mashindano ya heshima yanayotoza kitu kidogo cha kuwalipa wasomaji, lakini kwa shilingi zetu hizo dola tatu nne kila mara zinakula mtu, na kuna majarida kibao mazuri yasiyotoza hata senti. Ukitumiwa bango la shindano la hadithi fupi lenye namba ya kulipia na halina jina la jaji hata mmoja, wala washindi wa mwaka jana hawajulikani, pita tu.

Na masaa pia, hii haisemwi sana. Majarida mengine hufungua dirisha kwa siku chache tu au hufunga usiku wa manane saa za New York. Hiyo kwetu ni saa moja asubuhi kipindi chao cha kiangazi na saa mbili asubuhi kipindi cha baridi. Kwa hivyo ukiona dedlaini ni tarehe 31 usiku, enyewe unayo mpaka asubuhi ya tarehe moja ukiwa hapa, ila usiichezee hiyo, Kenya Power hawajui una dedlaini.

Muundo wa mswada nao, kabla sijasahau: wengi wanataka ule wa kawaida, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, jina na anwani juu kushoto, idadi ya maneno juu kulia. Wengine wanataka jina litolewe kabisa. Kwa hivyo kila mara toka Grinder uende kwenye saiti ya jarida lenyewe usome masharti yao kwa macho yako kabla ya kutuma, kwa sababu Grinder inaweza kuwa nyuma kidogo, na pia kuna majarida yanataka tu waandishi wa nchi fulani.

Nirudi kwa ile nyota niliyoikata. Saiti ni ya Kiingereza na karibu kila jarida lililo humo linataka Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili akiingia humo na hadithi yake tamu ya Kiswahili hana pa kuipeleka. Najua sio kosa la waliojenga, wao wanaorodhesha kilichopo, lakini mimi ninayeandika kwa lugha zote mbili inaniuma kuona ile ya Kiingereza ina milango mia na ya Kiswahili inahesabu kwa vidole. Na sio kwamba haiwezekani. Jalada, kundi la waandishi la hapa hapa, mwaka 2016 walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ wakaitoa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo, na ikaendelea kuongezeka. Wasomaji wapo. Kinachokosekana ni jarida lenye mfuko wa kulipa kwa neno, na mtu yeyote mwenye uwezo anayesoma hapa, hiyo nafasi iko wazi kabisa.

Kwa sasa mlango mkubwa ninaoujua wa hadithi fupi ya Kiswahili ni Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawajui kwamba wanapokea kwa Kiswahili, unatuma ilivyo na sio lazima utafute mtu wa kukutafsiria. Kuingia ni bure, hadithi iwe kati ya maneno 2,000 na 5,000, haijawahi kuchapishwa, uwe umefika miaka 18 na ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Kenya tumo, Tanzania na Uganda wamo. Mshindi wa kanda anapata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Hata ile ya kanda peke yake inapita laki tatu za huku. Ile tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ni nzuri pia ila yenyewe inataka mswada wa kiasi cha kitabu, hadithi moja haitoshi.

Kwa Kiingereza cha Kiafrika kuna Omenana ya huko Nigeria kwa hadithi za mambo ya ajabu, wanataka waandishi wa Afrika na walio ughaibuni, na FIYAH ya Marekani ambayo ni ya waandishi weusi. Yaangalie yote mawili. Na usiidharau faida ya kuchapishwa kwenye jarida linaloheshimika hata kama halilipi mamilioni, kwa sababu Caine Prize, ile tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika ya pauni 10,000, hutumi mwenyewe, anayetuma ni mchapishaji wako na hadithi lazima iwe imeshatoka. Makena Onjerika alishinda 2018 kwa hadithi iliyotoka kwenye jarida la Wasafiri la London. Ndio kusema hadithi moja inaweza kukulipa mara mbili.

Mwisho ni pesa kufika mkononi, hili swali naulizwa kila mara. Majarida mengi ya nje hulipa kwa PayPal. Tangu 2018 unaweza kutoa PayPal ikaingia M-Pesa, ila hakikisha majina kwenye akaunti ya PayPal yanafanana na yale ya kitambulisho na ya laini yako, usiandike jina la kisanii huko, hilo jina la kisanii liweke juu ya hadithi. Kiwango wanachokubadilishia dola kiko chini kidogo ya kile cha benki, kwa hivyo kama malipo ni makubwa linganisha kwanza na kutoa kupitia benki. Jarida la Marekani linaweza kukuomba ujaze fomu ya W-8BEN, usiogope, ni ya kuonyesha kwamba wewe sio mlipa ushuru wa kule, unaijaza jina, anwani, nchi, unasaini. Iwe tayari kabisa kabla hujatuma hadithi ya kwanza, na PayPal uifungue na kuithibitisha mapema, kwa sababu mkataba ukishasainiwa wengi hulipa upesi na hutaki pesa yako ikae inaning'inia ukitafuta kitambulisho.